Dhana potofu za hakimiliki kwa wapenzi wa kompyuta, na ukweli wake

Ukikaa na mafundi wa kompyuta, waandishi wachanga wa programu na wapenzi wa magemu ya zamani, utasikia kanuni za hakimiliki ambazo hazimo katika sheria ya nchi yoyote: sekunde saba za wimbo, asilimia thelathini ya mabadiliko, saa 24 za kukaa na gemu kabla ya kulifuta. Ubaya wake ni kwamba zinapotosha pande zote mbili. Zinamhakikishia mtu usalama mahali ambapo hana, na zinamtia hofu mahali ambapo sheria imemruhusu waziwazi. Mtu yuleyule anayeogopa kuuza flashi yenye Linux (mfumo endeshi wa bure) ndiye anayemwekea mteja Windows ya kraki (iliyolaghaiwa ionekane ina leseni) na kumtoza elfu ishirini. Tuanze na hiyo kraki, maana ndiyo iliyoenea kuliko yote.

"Laptopu ya mtumba haina leseni, bila kraki haiwezekani"

Mara nyingi leseni ipo, tena imo ndani ya mashine. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, watengenezaji wakubwa wa laptopu huandika ufunguo wa Windows kwenye chipu ya BIOS (programu inayoiwasha mashine), katika jedwali linaloitwa MSDM. Laptopu iliyotumika miaka mitano Ulaya kisha ikaletwa Kariakoo au Nairobi inakuja na ufunguo huo hata kama diski yake imefutwa au imebadilishwa. Kuuona, fungua PowerShell kama msimamizi, kisha andika:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Zikitokea herufi na tarakimu 25 katika mafungu matano, ufunguo ndio huo, na leseni yake husafiri pamoja na mashine hata ikiuzwa mara ngapi.

Kinachokwamisha ni toleo. Ufunguo ulio kwenye chipu ni wa Home, fundi anaweka Pro kwa sababu ndiyo iliyo kwenye flashi yake, Windows inakataa kuamilishwa (activation), naye anahitimisha kwamba mashine haina leseni. Dawa ni kupakua Windows kutoka kwa Microsoft wenyewe, kuiandika kwenye flashi ya GB 8 au zaidi, na kukiacha kisakinishi kisome chipu na kuchagua toleo chenyewe. Mashine yenye ufunguo wa Windows 10 au 11 ikishapata intaneti itajiamilisha bila kukuuliza chochote. Amri ile isipotoa kitu, basi mashine iliuzwa bila ufunguo wa chipuni, au ni ya enzi za Windows 7, zenye stika ya ufunguo chini ya betri. Funguo hizo za stika, pamoja na za chipu za Windows 8, zilikuwa zikikubalika kuamilisha Windows 10 hadi Microsoft walipofunga mlango huo Septemba 2023. Hapo chaguo ni mawili: kununua leseni, au kuweka Linux.

"Imeandika kwamba imeamilishwa, basi ni halali"

Maandishi hayo yanaeleza hali ya programu, hayaelezi hali ya ruhusa. Andika amri hii:

slmgr /dlv

Litatokea dirisha lenye maelezo. Tafuta mstari unaotaja njia ya leseni (channel). Ukiona OEM_DM, ni ufunguo wa chipu. RETAIL ni ufunguo wa aina inayouzwa rejareja. Ukiona VOLUME_KMSCLIENT kwenye laptopu ya nyumbani, simama hapo.

KMS ni utaratibu wa makampuni na vyuo wa kuamilisha kompyuta zao nyingi. Shirika linaweka seva yake yenyewe, na seva hiyo haianzi kuamilisha Windows za kawaida mpaka kompyuta zisizopungua 25 ziwe zimeiomba. Kila kompyuta hupewa uhai wa siku 180 na hujaribu kuuhuisha kila baada ya siku 7. Kraki za KMS hujifanya seva hiyo: zinaielekeza Windows kwenye anwani ya ndani ya mashine yenyewe, kama 127.0.0.2, au kwenye seva ya mtu asiyejulikana iliyoko nje. Ndiyo maana fundi anapokuwekea huanza kwa kuzima antivairasi, kisha huacha kazi ya siri inayojiwasha yenyewe kila baada ya muda, ikiwa na mamlaka yote ya msimamizi. Sheria tuiweke kando kidogo: mashine unayoingizia nywila za benki na M-Pesa ya biashara sasa ina programu ya mtu usiyemjua, na antivairasi imeambiwa isiiguse. Wizi wa akaunti unaolaumiwa kwa "wadukuzi" unaweza kuanzia kwenye faili za namna hii.

Funguo za dola tano zinazouzwa mtandaoni nazo si suluhisho. Nyingi ni za mikataba ya makampuni, zenye idadi maalumu ya mashine. Idadi ikijaa au mwenye mkataba akifuta ufunguo, yako inakufa, na leseni hukuwa nayo hata siku ile ilipokubali.

Wapo wanaojitetea kwamba hawapati hela, kwa hiyo si kosa. Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazilinda programu za kompyuta, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 24, inagusa uvunjaji wa haki hizi kwa kutumia kompyuta, uwe wa kibiashara au usio wa kibiashara. Tofauti iko kwenye ukubwa wa adhabu. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya 2001, nayo inataja programu za kompyuta kwa jina. Fundi anayetoza kwa kuweka kraki yuko upande wa biashara, hata kama anasema anatoza kazi ya mikono tu.

"Programu huria haina mwenyewe"

Ina mwenyewe, na hakimiliki yake ni kamili kama ya programu yoyote ya kuuzwa. Alichofanya ni kutoa ruhusa mapema kwa kila mtu, ruhusa yenye masharti. Ukivunja masharti ruhusa inaondoka, unabaki mtu aliyenakili kazi ya mwenzake.

Jambo hili limepimwa mahakamani, na aliyelipeleka alikuwa mpenzi wa treni za kuchezea. Robert Jacobsen, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, aliongoza mradi wa JMRI, programu huria ya kuendeshea reli za mfano kwa kompyuta. Kampuni moja ilichukua mafaili ya mradi ikayatia kwenye bidhaa yake bila kutaja waandishi wala kueleza mabadiliko, kama leseni ilivyotaka. Mahakama ya chini iliona huo ni mgogoro wa mkataba tu. Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Shirikisho huko Marekani ilikataa mwezi Agosti 2008: masharti ya leseni huria ni masharti ya hakimiliki, hata kama hakuna senti iliyodaiwa. Kila anayeandika msimbo (code) jioni baada ya kazi na kuutoa bure anasimama juu ya uamuzi huo.

Mfano wa pili uko kwenye ruta. Mwaka 2003 wajuzi waligundua kwamba ndani ya ruta ya Linksys WRT54G kuna Linux, ambayo leseni yake ni GPL, inayomtaka anayegawa programu atoe na msimbo wake, ilhali msimbo haukuwa umetolewa. Baada ya kudaiwa, kampuni iliutoa. Kutokana na msimbo huo ulizaliwa OpenWrt mwaka 2004, ambao leo unafufua ruta zilizotelekezwa na watengenezaji wake. Sharti moja la leseni limeokoa vifaa vingi visitupwe jalalani.

Sasa masharti yenyewe, kwa leseni zinazokutwa mara nyingi. MIT na BSD zinataka kitu kimoja kikubwa: tangazo la hakimiliki na maneno ya leseni yabaki kwenye kila nakala unayogawa. Kwa programu ya simu, weka ukurasa wa "Leseni" kwenye mipangilio na uyabandike yote pale. Apache 2.0 inaongeza kwamba mafaili uliyoyabadilisha yaonyeshe kwamba yamebadilishwa, na kama mradi una faili la NOTICE, lisafiri na bidhaa yako.

GPL ndiyo inayoogopwa, na hofu nyingi ni za bure. Kuuza programu ya GPL kunaruhusiwa, kwa bei yoyote. Kuitumia ndani ya ofisi yako, ukaibadilisha upendavyo bila kuitoa nje, hakukudai kitu. Deni linaanza siku unapompa mtu mwingine nakala. Hapo mpe msimbo chanzo wa toleo lilelile ulilompa (kutoa wa toleo jingine ni kosa), pamoja na hati za kujengea programu kutoka kwenye msimbo (build scripts), maneno ya leseni, na alama za mabadiliko zenye tarehe. Ukiuza kifaa, unaweza badala yake kutoa ahadi ya maandishi ya kumpa msimbo atakayeuomba. Chini ya GPL toleo la 2 ahadi hiyo idumu angalau miaka mitatu. Njia nyepesi ni kuhifadhi msimbo siku ileile unayotoa programu, kwenye folda yenye namba ya toleo. Baada ya mwaka hutaupata. Toleo la 3 lina huruma kidogo: ukikosea mara ya kwanza na ukarekebisha ndani ya siku 30 tangu mwenye haki akutaarifu, ruhusa yako inarudi. Chini ya toleo la 2 ruhusa hukatika pale pale.

Angalia pia AGPL. Hii inadai msimbo hata kama hujamgawia mtu nakala: umeibadilisha programu, ukaiendesha kwenye seva, na watu wanaitumia kupitia mtandao, basi watumiaji hao wana haki ya kupata msimbo wake. Vijana wanaojenga mifumo ya shule na ya vikoba hunaswa hapa.

"Iko GitHub na haina leseni, kwa hiyo ni ya wote"

Kinyume chake. Mradi usio na leseni una ulinzi mkali kuliko ule wa GPL, kwa kuwa mwenyewe hajaruhusu chochote. Masharti ya GitHub, tovuti ya kuhifadhia misimbo, yanakupa haki ya kuutazama na kuunakili ndani ya tovuti hiyohiyo, basi. Mwandikie mwenye mradi umwombe aongeze faili la LICENSE. Wengi walisahau tu.

Vipande vya msimbo vya Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu, navyo vina leseni. Vilivyochapishwa tangu tarehe 2 Mei 2018 viko chini ya CC BY-SA 4.0, inayotaka umtaje mwandishi na, ukiibadilisha kazi yake, uitoe kwa leseni hiyohiyo. Mistari miwili ya kawaida ambayo kila mtu angeiandika vilevile haina la kulindwa. Kwa kipande kirefu, acha kiungo na jina la mwandishi kwenye maoni ya msimbo, au uelewe wazo kisha ukiandike upya mwenyewe.

Sekunde saba, asilimia thelathini, saa 24, na "sina nia ya kuvunja hakimiliki"

Zote nne hazipo. Hakuna sheria inayosema sekunde saba za wimbo ni bure. Hakuna asilimia ya mabadiliko inayoifanya picha au nembo ya mtu kuwa yako. Kinachoangaliwa ni kama ulichochukua ni sehemu ya maana ya kazi yake. Ile ya saa 24 ilienezwa na watu waliokuwa wakigawa magemu mtandaoni ili waonekane wana kinga.

Kuhusu kukana nia chini ya video: mtambo wa Content ID wa YouTube unalinganisha sauti na picha, hausomi maelezo yako. Tena utofautishe mambo mawili. Dai la Content ID kwa kawaida huhamishia mapato ya matangazo kwa mwenye wimbo, au huzuia video katika baadhi ya nchi. Onyo la hakimiliki ni jingine, hutokana na ombi rasmi la kuondoa video, na maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kufunga chaneli. Kama ombi lilikosewa, sheria ya Marekani ya 1998 inakuruhusu kupeleka taarifa ya kupinga: video hurudishwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi, isipokuwa mlalamikaji afungue kesi. Taarifa hiyo hubeba jina na anwani yako halisi, na uongo ndani yake una adhabu, kwa hiyo ipeleke ukiwa na hakika.

"Bila kusajili, kazi yako haina ulinzi"

Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, unasema ulinzi hautegemei usajili. Msimbo unalindwa pindi unapouandika na kuuhifadhi. Usajili COSOTA (ofisi ya hakimiliki ya Tanzania) au KECOBO (bodi ya hakimiliki ya Kenya) unasaidia kwenye ushahidi, na unafaa ukiwa na programu unayoiuza. Kujitumia barua yenye kazi yako ndani ya bahasha iliyofungwa, ushauri unaozunguka tangu zamani, hakuna uzito: bahasha inaweza kutumwa wazi ikafungwa baadaye. Historia ya git (kumbukumbu ya kila badiliko la msimbo) iliyopakiwa kwenye seva ya mtu wa tatu, pamoja na barua pepe za mteja zenye tarehe, ni ushahidi bora zaidi.

Kinacholindwa ni maandishi, si wazo. Ukiona programu ya kukusanya michango ya harusi inauzika, unaweza kutengeneza yako inayofanya kazi ileile. Jina na nembo ni habari ya alama za biashara. Mbinu mpya ya kiufundi ni habari ya hataza (patent), na hataza, tofauti na hakimiliki, haipo mpaka uiombe na upewe.

"Kuifungua programu uone inavyofanya kazi ni wizi"

Hapa hofu imewanyima wapenzi wa kompyuta haki yao. Sheria ya Kenya inamruhusu aliye na nakala halali kutengeneza nakala ya akiba, kurekebisha hitilafu, na kuifungua programu ili nyingine iweze kufanya kazi nayo. Ulaya ina ruhusa kama hiyo tangu agizo la mwaka 1991, na mwaka 2012 mahakama yake kuu, katika kesi ya SAS dhidi ya World Programming, ilisema kazi inayofanywa na programu na lugha ya kuandikia programu hazilindwi na hakimiliki ya programu hiyo. Marekani, kesi ya Sega dhidi ya Accolade ya 1992 na ya Sony dhidi ya Connectix ya 2000 zilikubali kufungua msimbo kwa ajili ya kutengeneza kitu kinachooana. Ile ya pili ndiyo nguzo ya emuleta zote, yaani programu zinazoigiza mashine nyingine kama zile za magemu.

Mstari wa mpaka unaonekana vizuri kwenye kompyuta za miaka ya 1980. Kampuni ya Franklin ilitengeneza mashine inayooana na Apple II kwa kunakili programu zilizokuwa kwenye ROM (chipu yenye programu za kudumu) ya Apple. Ndani yake lilikutwa hata neno Applesoft. Ilishindwa katika rufaa mwaka 1983. Compaq ilitaka mashine inayooana na IBM PC, ikatumia makundi mawili. La kwanza liliisoma BIOS ya IBM na kuandika maelezo ya kazi yake tu: ukiingiza hiki, kinatoka hiki. La pili, la watu ambao hawajawahi kuuona msimbo wa IBM, liliandika BIOS mpya kwa kufuata maelezo hayo. Kompyuta za PC tunazotumia leo zinatokana na njia hiyo. Ukitaka kuifuata, weka maandishi ya makundi yote mawili yenye tarehe, na asiwepo mtu anayekaa kwenye yote mawili. Mtu mmoja aliyesoma msimbo wa mwenye mali kisha akaandika wake anaweza kuharibu utetezi wote.

Tahadhari ni moja. Kuvunja kufuli la kidijitali ni kosa la pekee yake, nje ya suala la kunakili. Marekani ilikataza hilo kwa sheria ya 1998, na orodha ya misamaha hupitiwa kila miaka mitatu. Kenya pia inakataza kukwepa vizuizi vya kiufundi. Kuielewa programu ni halali, lakini kutengeneza na kuuza kivunja kufuli ni kosa.

"Gemu halitengenezwi tena, kwa hiyo ni la bure"

Kutouzwa hakufuti hakimiliki. Marekani, kazi ya kampuni iliyotoka mwaka 1985 inalindwa kwa miaka 95, yaani hadi mwisho wa 2080. Kampuni ikifa, haki zake hununuliwa na nyingine au hurithiwa na wadai. Ni sheria kali kupita kiasi kwa vitu ambavyo diski zake zinaoza kabla ya muda kwisha, na wanaopigania makumbusho ya programu wana hoja nzito, lakini ndivyo ilivyo.

Emuleta ni halali. BIOS na magemu unayoyapakia ndani yake yana wenyewe. Ukiwa na kaseti au diski yako, kuitoa mwenyewe kwa kisomeo ni njia iliyo salama zaidi kuliko kupakua ya mtu. Tena usichanganye msimbo na vilivyomo. Wenye Doom, gemu la 1993, walitoa msimbo wake mwaka 1997, na mwaka 1999 wakauweka chini ya GPL. Ramani, picha na sauti zilizo kwenye faili la WAD hawakuzitoa. Ndiyo maana kuna mradi wa Freedoom, uliochora na kurekodi vyote upya ili uweze kucheza bila deni la mtu.

"Muvi imeshatiwa Kiswahili, sasa ni ya DJ"

Kutafsiri na kusimulia juu ya filamu ni haki ya mwenye filamu, naye ndiye wa kutoa ruhusa. Usimuliaji ni kazi ya ubunifu na wapo wanaoufanya kwa ustadi mkubwa, ila umesimama juu ya kazi ya mtu mwingine. Duka linaloujaza kwenye flashi za wateja linanakili; kibanda umiza kinachotoza kiingilio kinaonyesha hadharani, na hiyo ni haki nyingine inayoombwa kivyake. Kununua DVD halisi hakukupi haki hiyo ya pili.

Anayetumia torrenti naye ajue kwamba hapakui tu. Programu hiyo huwagawia wengine vipande alivyokwisha kuvipata wakati uleule, na kugawa ndiko kunakofuatiliwa. Wapo Waswahili waliohamia Ujerumani wanaolijua hili kwa barua ya wakili yenye anwani ya IP, tarehe, saa na jina la faili, ikidai mamia ya yuro na sahihi kwenye hati ya kuahidi kutorudia. Hati hiyo usiisaini kama ilivyo, kwa kuwa hukufunga kwa miaka mingi, na barua usiitupe. Ina siku za mwisho. Ipeleke kwa wakili au kwa ofisi ya kutetea watumiaji ya jimbo lako. VPN hubadilisha anwani inayoonekana tu, ruhusa haiongezi.

"Msimbo ulioandikwa na akili bandia ni wangu kabisa"

Inategemea nchi. Marekani, Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ya Mzunguko wa D.C. ilithibitisha Machi 2025, katika kesi ya Thaler dhidi ya Perlmutter, kwamba kazi isiyo na mtu kama mwandishi haipati hakimiliki. Sheria ya Kenya, kama ya Uingereza ya 1988, inamtambua kama mwandishi wa kazi iliyozalishwa na kompyuta yule aliyefanya maandalizi ya kuizalisha. Unayeuza programu kwa wateja wa nje, tunza kumbukumbu za sehemu ulizoziandika na kuzirekebisha kwa mkono.

"Nimemlipa, kwa hiyo msimbo ni wangu"

Ugomvi huu ndio unaovunja urafiki na biashara kuliko mwingine wowote hapa. Kenya, kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Uingereza ni kinyume: ya mwajiriwa ni ya mwajiri, lakini ya mtu wa nje uliyemwagiza hubaki kwake mpaka aihamishe kwa maandishi yenye sahihi. Mteja wa London akimwagiza kijana wa Mombasa tovuti bila mkataba, kila mmoja anaweza kuamini kwa dhati kwamba ni yake.

Ukurasa mmoja unatosha kuzuia yote hayo. Andikeni sheria ya nchi gani inatumika. Andikeni kwamba hakimiliki ya msimbo ulioandikwa kwa kazi hii inahama siku malipo ya mwisho yanapoingia, wala si siku ya kuanza, ili programa asibaki mikono mitupu mteja akipotea. Tengeni maktaba zake binafsi alizokuja nazo: hizo zibaki zake, na mteja apewe leseni ya kudumu ya kuzitumia ndani ya bidhaa hiyo. Tajeni nani anashika nywila za seva, jina la kikoa na akaunti ya duka la programu, kwa kuwa mteja mwenye hakimiliki lakini asiye na nywila bado amekwama. Mwisho, programa aambatishe orodha ya kila kipande cha programu huria alichotumia, toleo lake na leseni yake, na mteja aisome kabla ya kusaini.